Siku Nilipowatafsiria Kinamama wa Saint-Gilles Sinema ya Waingereza

Hata kuanza kusimulia naona aibu, na mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi huwa navuka barabara nitembee upande wa pili, lakini kwa vile wengine mmeshaisikia habari hii ikiwa imetiwa chumvi, bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeyafanya, halafu mcheke mmalize.

Yote yalianza na jibu moja la kujigamba. Kanisani kwetu Saint-Gilles, hapa Ubelgiji, wengi ni Wakongo wa Kivu, Mtanzania niko peke yangu, na kiongozi wa kinamama ni Maman Furaha, mtu wa Bukavu, mwanamke ambaye akiita jina lako hata padri anageuka. Baada ya misa akanishika mkono akaniuliza, "Tanzanie" (ndiyo wanavyoniita pale, jina nililobatizwa nalo hakuna anayelijua), "weye unajuaka Kingereza?"

Sasa, Kiingereza changu ni cha shule ya kata kule Morogoro, mtihani wa mwisho nilipata D, na hiyo D mwalimu alisema nimesaidiwa. Lakini kinamama kama sita walikuwa wamesimama pale wananitazama, nami nikasema, "Maman, Kiingereza kwangu ni kama maji."

"Bon," akasema, "dimanche utatufasiria."

Kumbe kituo cha mtaa kilikuwa kinaonyesha sinema za Waingereza kila Jumapili mchana, zile za maisha ya watu wa kawaida, mtu kafukuzwa kiwandani, nyumba ina ukungu ukutani, foleni kwenye ofisi ya misaada, na sinema ikiisha watu wanazungumza, na mwanasheria wa kujitolea anajibu maswali bure. Maman Furaha alitaka kinamama wake waende kwa sababu wengi wana matatizo hayo hayo. Shida ni kwamba sinema ya wiki ile ilikuwa na maandishi ya Kiholanzi tu chini ya picha, na hawa wanajua Kifaransa na Kiswahili. Kwa hiyo madame Mbelgiji anayesimamia kituo akaniwekea kiti pembeni ya pazia la sinema, akanipa kipaza sauti, akanishukuru kabla hata sijafanya kitu. Mbele yangu kinamama kama thelathini, wamevaa vitenge vya Jumapili, wametulia.

Picha ilipoanza nikajua nimekwisha. Wale watu walikuwa wa mji fulani wa kaskazini mwa Uingereza, na Kiingereza chao hakikufanana hata kidogo na cha mwalimu wangu, wanameza nusu ya neno na nusu nyingine wanaitema haraka kama inawaunguza, na katika dakika kumi za kwanza nilishika maneno mawili tu, "tea" na "love". Mhusika mkuu, mama wa makamo hivi, akaita wanawe mezani kwa hiyo "tea", nikatangaza kwamba anawaita wanywe chai, na papo hapo zikaja sahani za chipsi na njegere. Maman mmoja wa mbele akauliza, "Chai eko wapi?" Nikasema inakuja. (Baadaye nimeambiwa kule chakula cha jioni ndicho wanachokiita hivyo. Ningejuaje.)

Hapo ningeweza kusema ukweli, kwamba sielewi, nikashuka na aibu ndogo tu. Sikusema. Nikahamia kwenye lile neno la pili. Dereva wa basi alimpa yule mama tiketi akamwita "love", nikasema huyu ni mpenzi wake. Muuza duka naye akamwita hivyo, nikasema huyu pia. Jirani mwenye mbwa, huyu pia. Meneja wa kiwanda akampa barua ya kufukuzwa kazi, akamwita vilevile, nikasema wameachana. Bibi mmoja kizee naye akamwita "love", hapo nikajifanya nakohoa. Ukumbini minong'ono ikaanza, na mtu nyuma akauliza taratibu, "Huyu mama iko na banaume ngapi?"

Ikaja ofisi ya misaada. Yule mama akakaa mbele ya kijana mwenye tai, wakazungumza muda mrefu picha haibadiliki (sinema za namna hii hazina haraka, zinakaa tu zinamtazama mtu anavyodhalilika), na watu wananisubiri mimi, na kimya mbele ya kipaza sauti ni kitu kibaya sana. Kijana akasukuma karatasi mezani akasema kwa upole "sorry, love". Nikasema, "Huyu ndiye bwana wake wa kwanza, aliyemwacha na mimba."

Kinamama wakaguna kwa uchungu, nami, Mungu anisamehe, nikaona utamu. Yule mama aliporudi nyumbani akakaa ukingoni mwa bafu na koti lake mwilini, simu sikioni, machozi yanamtoka, nikawaambia analia kwa sababu mpenzi wa tano hapokei. Wawili walitoa leso. Nikajiona msanii.

Taa zikawashwa. Madame akauliza kwa Kifaransa ni nini kimewagusa. Maman Furaha akasimama wa kwanza, akasema huyu mwanamke aache wanaume kwanza ndipo atafute kazi. Mwingine akasema kwa umri ule ni aibu. Wa tatu akataka kujua wale watoto baba yao ni yupi kati ya watano. Madame akawa mwekundu, akamtazama mwanasheria, mwanasheria akaangalia viatu vyake, mimi nikakiangalia kipaza sauti kama vile ndicho kilichoyasema.

Kisha akasimama Maman Séraphine. Ni mjane, mpole, anasafisha shule, huwa haongei kwenye watu. Alikuwa ameshikilia mkoba kifuani.

"Miye nilikuja juu baliniambia hii filme inaongelea barua kama yangu," akasema. "Balinikatia musaada juu sikuenda ku rendez-vous, na siku ile nilikuwa nazika dada yangu. Lakini huyu mama yeye shida yake ni bapenzi. Miye sina mupenzi. Donc hapa hakuna kitu yangu."

Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Séraphine, kaa," sauti ikatoka nyuma. Ni Maman Régine, wa Lubumbashi, ambaye sikujua (na hapa ndipo nilipokufa) kwamba amekaa Uingereza miaka kumi na mbili akisafisha maofisi. "Kule kaskazini kila muntu banamuitaka love. Hata miye, dereva wa bisi alikuwa ananiita vile kila asubuhi, na bwana yangu amekaa pembeni yangu."

Ukumbi ulicheka mpaka madame naye akacheka bila kujua ni nini. Maman Furaha akamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Nilitaka nione mutoto huyu atafika wapi," Maman Régine akajibu. "Na iko na sauti ya muzuri."

Maman Furaha akachukua kipaza sauti mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa Régine, naye akaisimulia upya sinema nzima kwa dakika tano. Kiwanda kilifungwa. Yule mama akakatiwa msaada kwa sababu alikosa miadi siku aliyokuwa akimzika mama yake. Kijana mwenye tai hakuwa mpenzi wa mtu, alikuwa anasoma tu sheria kwenye kompyuta. Na kwenye ile simu alikuwa anaisubiri ofisi impokee, wakampigia muziki mpaka akalia. Hakuna aliyecheka tena. Maman Séraphine akakaa, akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, mwanasheria akaisoma pale pale. Zilikuwa zimebaki siku nne za kukata rufaa.

Siku nne. Angetoka na koti lake, ile barua ingerudi kabatini, na sababu ningekuwa mimi na mabwana wangu watano wa kutunga.

Msaada wake ulirudishwa baada ya wiki kadhaa, nikaenda kumwomba radhi. Akanipakulia fufu na sombe, yaani kisamvu, akaniangalia nikila, halafu akasema, "Filme yako ilikuwa tamu kuliko ile ya kweli. Lakini ile ya kweli njo ilinisaidia."

Tangu siku ile nimeapa, nikiulizwa kitu nasema sijui kwanza, mengine baadaye. Juzi mzee mmoja kaniuliza treni ya metro ya kwenda Auderghem, ninakofanya kazi mwaka wa tatu sasa, nikajikuta nimeshamjibu sijui, na yeye akanishukuru, akapanda ile ile niliyokuwa naisubiri mimi.