Siku Tulipopindua Pikipiki ya Baba

Siku zile pikipiki haikuwa kitu cha kila kijana aliyeota ndevu tatu. Mtaa wetu wa Mfaranyaki ulikuwa na moja tu, na ilikuwa ya baba. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliuziwa na padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa na mnyororo. Nguvu ya injini ilipita kwenye shafti, fimbo ya chuma, hadi kwenye kisanduku cha gia pembeni ya gurudumu la nyuma, nasi tulikiita difu, kama ya lori. Leo vijana wa bodaboda wanasimama katikati ya kilima kurudishia mnyororo uliochomoka, abiria amekunja uso. Sisi tulipita tu, baba akisalimia watu kwa kutikisa kichwa kama askofu.

Difu ile ilibadilishwa mafuta mara moja kwa mwaka, na siku hiyo watoto tuliacha mchezo wa rede, tukaacha hata makande jikoni. Baba alivaa suruali yake ya kaki iliyokwisha kustaafu, akachuchumaa, akafungua boliti ya chini. Mafuta yalishuka meusi, mazito, yakinuka mayai viza. Kisha baba alisimama na kupaza sauti: "Mafuta yameiva!"

Majirani walikuja na makopo. Yalikuwa kama kikombe kimoja cha chai tu, lakini hayakumwagwa hata tone, kwa sababu mchwa wa Songea hawana dini, wanakula nguzo ya Mkristo na ya Mwislamu sawasawa. Mzee Haule alipaka nguzo za banda lake la mbuzi. Mama Zuhura, aliyekuwa na duka la kanga, alilainishia bawaba za mlango wake uliokuwa unalia kuliko watoto wake wote.

Padri aliacha amri moja tu kuhusu difu: "Mwalimu, fungua kwanza boliti ya juu, ya kujazia. Ikikubali, ndipo ufungue ya chini." Baba aliishika amri hiyo miaka kadhaa. Halafu akaizoea pikipiki, na mtu akishazoea huanza kujiona fundi.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, Jumamosi moja asubuhi, dereva wa lori alisimama kwetu na ujumbe kutoka kwa bibi, mama yake baba, aliyeishi kijijini ndani kabisa, upande wa Madaba. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na hakuwa ameniona tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni.

"Mwalimu, mama hali yake si nzuri," dereva alisema. "Anasema umpelekee wajina wake amguse uso. Macho hayamsaidii tena. Anasema msichelewe."

Basi la huko lilikuwa limelala gereji wiki ya pili. Baba akatamka kwamba mimi na yeye tutaondoka kwa pikipiki kesho alfajiri, mimi nyuma, lakini safari ndefu haiendwi na mafuta ya mwaka jana. Akachukua spana, akaenda moja kwa moja kwenye boliti ya chini.

"Baba Rose," mama aliita kutoka jikoni, "padri alisema uanze na ipi?"

"Padri alikuwa mzee, mama Rose. Ya juu nitaifungua tu."

Mafuta yakashuka. Yakaiva. Majirani wakachukua, wakashukuru, wakaondoka. Ndipo baba akashika boliti ya juu, ambayo mwaka uliotangulia aliikaza yeye mwenyewe kwa kuongezea bomba kwenye spana, ili "isitusumbue". Haikutusumbua. Ilitulia hapo hapo. Alivuta, akapiga nyundo, akasema maneno ambayo hayamo kwenye katekisimu, hadi kichwa cha boliti kikawa duara, spana ikawa inateleza. Difu ilikuwa tupu na hapakuwa na pa kuijazia.

Mama alichungulia mlangoni, akarudi kwenye sufuria zake. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa kwamba kuna mtu ananisubiri ili anishike uso, na sasa alikuwa anasubiri bure.

Wanaume walikusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Mzee Haule alipendekeza moto. Mwingine alipendekeza sala ya novena. Mwisho mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Hilo tundu la chini limekwenda wapi?" aliuliza. "Kama mafuta yalitoka huko, si yarudi huko huko? Pindueni hilo lipikipiki."

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakakunja mikono ya mashati. Petroli ikakingwa kwenye dumu, betri ikatolewa, na wanaume sita wakaibeba pikipiki ya padri na kuilaza juu ya magunia, magurudumu yakitazama mbinguni.

Likabaki swali la kipimo. Tundu la juu la kujazia ndilo lililokuwa linaonyesha mafuta yaishie wapi, na tundu lenyewe limekufa. Basi nilitumwa na kikombe nikakusanye mafuta ya zamani nyumba kwa nyumba, tuone yalikuwa kiasi gani. Mama Zuhura alirudisha yote kasoro bawaba moja. Mzee Haule alikuwa amekwisha kupaka nguzo mbili. Baba, mwalimu wa hesabu, alitazama kikombe, akatazama nguzo, akatia mafuta mapya kiasi kile kile. "Na haya ya nguzo," akaongeza kidogo. "Na haya ya bawaba."

Alfajiri pikipiki, iliyokuwa imemeza mafuta ya injini ilipolala chali, ilitoa moshi mweupe hadi jogoo wa jirani akakatisha kuwika. Lakini ilikwenda. Tulifika kwa bibi mchana, mafuta ya difu yamenirukia hadi kwenye soksi. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema shikamoo. Akanigusa paji la uso, pua, kidevu, taratibu, kisha akanusa.

"Wajina wangu," alisema, "umeniletea mayai viza?"

Alicheka hadi akakohoa. Alifariki wiki iliyofuata, na mpaka leo nikimkumbuka namsikia akicheka.

Baba naye ametangulia. Pikipiki iko kwangu, Mjimwema. Mwezi uliopita niliibadilisha mafuta mwenyewe, boliti ya juu kwanza, ile mpya ambayo fundi aliiweka zamani, huku mwanangu akitafuta kwenye simu video ya kunifundisha. Nilipomaliza nilisimama uani nikapaza sauti: "Mafuta yameiva!"

Hakuna aliyekuja na kopo. Jirani mmoja aliuliza kwenye kundi la simu la mtaa kama nimeanza kuuza maandazi. Siwalaumu. Nguzo zao ni za chuma, mageti yao yanafunguka bila kulia, na ukiwaita wakusaidie kupindua kitu watakutumia namba ya fundi.

Kopo la mafuta yale ya zamani liko getini bado. Nimelifunika kwa kigae mvua isiingie, kwani huenda mtaani kuna mtu ambaye bado ana nguzo ya mti.