Kondoo Aliyekataliwa na Serikali

Mzee Senteu wa Kakesio hakuwa mtu wa kula cha bure. Ukimpa tumbaku leo, kesho anakuletea maziwa, na kama maziwa unayo, shauri yako, utayanywa hivyo hivyo. Kwao Wamaasai, aliyetoa kondoo na aliyepokea hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paker, watu wa kondoo, mpaka mmoja afe, na mwenye shida humwendea mwenzake bila kuona haya. Senteu alikuwa na kina Paker wengi kuliko kondoo.

Mwaka 1978 binti yake Nashipai, aliyekuwa ametoka JKT juzi juzi, akachaguliwa kwenda chuo Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Mzee alifurahi mno. Akamtemea mate ya baraka, kisha akauliza karo ni ng'ombe wangapi.

"Hakuna karo, Baba. Serikali inalipa yote. Masomo, chakula, kitanda, hata nauli."

"Na sisi tunaipa nini?"

"Hatuipi kitu."

"Basi huendi."

JKT ilikuwa imemfundisha Nashipai kuchimba mahandaki na kufungua bunduki, lakini hakuna afande aliyemfundisha namna ya kubishana na Senteu. Akalia. Baba yake naye hakupenda kumwona analia, kwa hiyo akaingia zizini, akachagua kondoo dume aliyenona kuliko wote.

"Tutaipelekea serikali huyu. Ikimpokea, utapanda basi. Ikimkataa, tunarudi wote watatu."

Basi la Arusha lilikuwa likiondokea Karatu. Ofisi ya tarafa ya pale haikuwa ofisi yake Senteu, ila bendera ilikuwa ile ile, na yeye hakuona tofauti. Akaingia na kondoo. Katibu tarafa, Bwana Nikolaus, mtu wa Rhotia, safi na mwoga wa makosa, akasimama nyuma ya meza yake.

"Mzee, shikamoo. Huyo kondoo ni wa nini?"

"Marahaba. Wa serikali. Inamsomesha mtoto wangu."

"Siwezi kupokea. Hii ni rushwa."

"Rushwa ni nini?"

"Kumpa mtumishi wa serikali kitu ili akufanyie jambo."

"Jambo limeshafanyika."

Nikolaus akafikiri. "Basi ni rushwa iliyochelewa."

"Sikupi wewe. Naipa serikali."

"Serikali haina zizi, Mzee."

Hapo Senteu alichoka naye. Akatoka nje, kondoo nyuma, binti nyuma ya kondoo. Utingo wa basi alikuwa akipandisha mizigo juu na kuita abiria.

"Mtu anayekupa na hataki kupokea kwako, ama anakudharau, ama ana lake jambo," Senteu alisema. "Twende nyumbani."

Mbele yao, penye kituo cha kununulia mazao, wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao. Nashipai akayatazama magunia, akamshika baba yake mkono.

"Baba, hela ya serikali si ya serikali. Inatoka kwa watu. Gunia likiuzwa pale, kidogo kinabaki serikalini. Ndicho kinachonisomesha."

"Watu gani?"

"Hao."

Senteu akaikagua foleni yote kama anayetafuta ng'ombe wake mnadani. Wengi walikuwa wakimcheka. Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa Evarista wa Endabash, mwenye gunia la maharage na binti mdogo aitwaye Leonida. Aliinama, akaupima mkia wa kondoo kwa kiganja.

"Mkia mzuri," alisema.

"Ni wako," Senteu akamjibu. "Umemsomesha mtoto wangu."

Evarista akamtazama Nashipai toka juu hadi chini. "Mbona sikujua?"

"Hata mimi nimejua leo."

Mama wa watu akapokea kamba, maana hakuona sababu ya kukataa. Nashipai akapanda basi. Senteu akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia, na akasema ni vumbi ndilo lililomtoa machozi.

Tangu siku hiyo, kila akija Karatu, alipita Endabash kumsalimu Paker wake. Yule dume alishawazalisha kondoo wa Evarista mpaka zizi likajaa. Nashipai alirudi daktari, akawa anachanja ng'ombe wa baba yake, naye baba akimsahihisha namna ya kushika sindano.

Kisha miaka ya themanini ikielekea ukingoni, redio ikaanza kusema kwamba mzigo umekuwa mkubwa, na wazazi nao itabidi wachangie elimu ya juu. Leonida alikuwa kidato cha sita. Evarista, ambaye mwaka ule maharage yake yaliliwa na wadudu, akazima redio na kumwambia mwanawe asiweke sana moyo kwenye chuo.

Haikupita wiki, Senteu akatokea uani, mzee sana sasa, anaswaga ng'ombe wawili, mtamba na dume.

"Paker, nimesikia serikali imechoka."

"Imechoka, Paker."

"Mimi sikushangaa. Ilikataa kondoo."

Akamtafuta Leonida kwa macho, akamwita, akamkabidhi fimbo ya kuswagia.

"Hawa ni wa chuo," alisema. Kisha akamgeukia Evarista, ambaye alikuwa ameshaanza kulia. "Wewe kondoo ulimpokea."