Chandarua Kilichonukia Udi

Mwaka ule mama aliniomba kitu kimoja tu, tena aliniomba kwa simu, katikati ya habari za majirani, kama mtu anayeomba chumvi. Alisema nikija likizo ya Desemba nimwachie mtoto. Mimi nirudi kazini Makete, mjukuu wake abaki naye Chamazi mpaka shule zifunguliwe. Nikamwambia sawa. Kusema sawa ukiwa Makete ni rahisi, maana huko mtu analala na blanketi juu ya blanketi na hakuna mdudu wa kumng'ata, ukiondoa kiroboto wa mbwa wa jirani.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa hukohuko kwenye baridi, kwa baba yake, na bibi yake wa Chamazi alimjua kwa sauti ya simu na kwa vifurushi vya visheti. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba ya kwetu, ambayo zamani tuligombania hata pembe ya mkeka, ilikuwa imebaki na mama na redio yake. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini alimtaka mtoto.

Tulifika jioni, na joto la Dar halikusubiri hata tushushe mabegi. Mama alikuwa amesimama barazani na khanga mpya, ile ya kutokea. Nikamsukuma mtoto mbele asalimie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu! Umekuja kunioa?"

Sisi watu wa Pwani tumezoea utani huo. Bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume tangu mtoto akiwa kwenye nepi. Mwanangu hakuwa ameuzoea. Alijificha nyuma ya gauni langu akatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba yeye hataki kuoa. Mama alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akakumbuka saa na kuanza kukimbizana na madirisha.

Kwake magharibi haiingii dirisha likiwa wazi. Adhana inapoisha, kila kitu kimeshafungwa. Nyuma ya nyumba yetu kuna bonde lenye matuta ya mchicha na vishimo vya maji ya kumwagilia, na mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeacha, kwa hiyo mbu wa pale hawakuwa wa kusimuliwa. Mama alikuwa amejipanga. Alining'iniza matawi ya kivumbasi mlangoni, akachoma makumbi ya nazi barazani mpaka mtoto akakohoa na mimi nikatokwa machozi. Chumbani, juu ya kitanda chake kikubwa, alikuwa ametundika chandarua cheupe kuliko shuka la hospitali, na kilinukia udi.

"Nimekifua kila Ijumaa tangu uliposema mnakuja," alisema. "Nimekitia na buluu."

Nilikuwa nimechoka na safari. Nilikiona kizuri, basi, tukalala humo sote watatu.

Asubuhi jicho moja la mwanangu halikufunguka. Masikio, mikono, shingo, kila mahali palikuwa na vinundu vimetuna kama kunde zilizolowekwa. Mwili wake haukuwahi kukutana na mbu wa maana, sasa umekutana nao wote kwa mpigo. Alikaa kitandani akajikuna, akamtazama bibi yake kwa lile jicho lililobaki.

"Bibi, mbu wako wana roho mbaya."

"Mbu wangu? Mie nimewafuga?"

Mama alicheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha barazani.

Nikaanza kukagua chandarua. Mbu walikuwa wametua upande wa ndani, matumbo mekundu, wametulia kabisa, hata kuruka wanaona uvivu. Niliwaua kwa viganja huku hasira zikinipanda.

"Mama, hiki si ndicho kile mlichogawiwa? Chenye dawa?"

"Ndicho hichohicho."

"Na kila Ijumaa umekifua? Ukakianika juani?"

"Sasa nikianike wapi, jikoni?"

"Dawa yote imetoka, mama! Umewatandikia mbu kitanda!"

"Mwanangu, kilikuwa kinanuka dawa mpaka pua inawasha. Mie ndo nimlaze mjukuu wangu humo? Anatoka kwao kote huko, aje kwangu alale kwenye harufu ya dawa?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, na waliolelewa pamoja nami wanalijua hilo. Nikasema basi, Jumamosi tunaondoka wote wawili, siwezi kumwacha mtoto aliwe mzimamzima. Nilikuwa tayari kubishana asubuhi nzima, nimeshapanga na la pili la kusema.

"Haya," akasema mama.

Haya ya mama yangu iko ya aina nyingi. Hii ilikuwa ile ya mtu anayekunja mkeka. Akaenda kuchemsha chai.

Siku nzima mtoto hakutaka kumsogelea. Bibi akiita, anakuja kwangu. Jioni, kabla ya kufunga madirisha, mama alitoka barazani na kipande cha ndimu na kichupa cha mafuta ya nazi ili ampake vile vinundu, naye akapiga kelele na kung'ang'ania shingo yangu. Mama alibaki na ndimu mkononi. Halafu, kwa kuwa alishaikata, akaushika mkono wangu mimi.

"He! Na wewe?"

Nilikuwa nimevimba vilevile. Sikuwa nimejiangalia kwa sababu nilikuwa namwangalia mtoto. Mama aliugeuza mkono wangu upande huu na upande huu, kama vile anasoma.

"Nyie mlikuwaga mnalala uani kwenye mkeka," alisema. "Mbu wanakula mpaka wanashiba, asubuhi mnaamka mnacheza, hata alama hamna." Akanipaka ndimu, ikaniwasha. "Wamekusahau."

"Kina nani?"

"Mbu wa kwenu. Wanakuuma kama wanavyouma wageni."

Alisema kwa utani, nami nilitaka kucheka. Sikuweza. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza niliyojifunzia kutembea, na mikono yangu ilikuwa mikono ya mtu aliyekuja kutembea tu. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu ni upuuzi: nitamwambia nani kwamba nimeumia kwa kukataliwa na mbu?

Mama aliendelea kupaka, kinundu kimoja baada ya kingine, taratibu, bila kuniangalia.

"Anasema ni mbu wangu. Sawa, mtoto hasemi uongo. Mchukue tu, mwanangu. Mie si wa kumng'ang'ania mtoto ajae manundu."

Nilipaswa kufurahi kwamba nimeshinda. Usingizi haukuja vizuri, na safari hii si kwa sababu ya mbu, maana niliwasha feni mpaka mwisho na kumfunika mtoto hadi puani.

Kesho yake mchana, mama alipomaliza kuosha vyombo, nilijitayarisha kwenda Mbagala kukata tiketi. Nilikuwa nimeshafika getini nikakumbuka simu iko chumbani. Nikarudi. Nilipofika mlangoni nikasikia wanaongea, nikasimama.

Mama alikuwa ndani ya chandarua, amekaa katikati ya kitanda, miguu ameinyoosha, miwani puani, sindano mkononi. Umeme ulikuwa umekatika na humo ndani lazima kulikuwa kunachemka. Jasho lilimtiririka shingoni. Mwanangu alikuwa nje ya chandarua, amepiga magoti sakafuni, jicho lake zima ameligandisha kwenye neti.

"Hapa, bibi."

"Wapi? Mie macho yangu hayaoni. Pitisha kidole."

Kidole kidogo kikapenya kwenye tundu. Mama akakidaka, akajifanya anakishona. Mtoto akapiga ukelele, akacheka, akakichomoa, akakirudisha tena.

"Hili dogo, mume wangu. Mbu hapiti."

"Anapita. Akijibana anapita."

"Haya, nalishona." Alitumia uzi mweusi, ndio aliokuwa nao, na kwenye ule weupe wote aliousumbukia kila Ijumaa, mafundo meusi yalikuwa yametapakaa kila mahali. Wala hakuonekana kujali.

Wakasogea upande wa miguuni, yeye ndani, mjukuu nje.

"Bibi, mbona wewe huvimbi?"

"Mie wameshanila wakachoka. Na wewe watakuzoea."

"Lini?"

"Ukiwa unakujakuja."

Mtoto alifikiri kidogo, kidole kikiwa bado kwenye neti.

"Nikija tena watanijua?"

"Watakujua," mama alisema. "Si mbu wako?"

Niliondoka bila simu. Nilitembea mpaka kituoni nikiwa nalia wazi kabisa, na mama mmoja muuza mihogo akanipa pole ya msiba. Nikaipokea, kwani ningemweleza nini?

Niliporudi jioni mama alikuwa uani, anabandika wali. Nikamwekea mfuko mbele yake. Akauchungulia: chandarua kipya, cha dawa, kikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Nimekata tiketi moja," nikasema.

Akanyanyua uso. "Basi limejaa?"

"Halijajaa, mama."

Alichukua kipepeo akaanza kuupepea mkaa ambao ulikuwa umeshakolea vizuri sana, akaupepea mpaka cheche zikaruka, nami nikaingia ndani nimpe nafasi.

Mtoto nilimuuliza mwenyewe usiku tukiwa tunakula: utabaki kwa bibi? Akaniuliza na yeye, asipobaki, bibi ataonyeshwa na nani matundu?

Ilibaki ishu ya harufu. Nilikianika chandarua kipya kivulini siku nzima kama maelezo yalivyosema, na bado mama alikikunjia pua. Akasema hicho hakimgusi mjukuu wake. Nikasema kile cha udi peke yake hakimlindi. Tuliongea mpaka tukapandishiana sauti, kwa raha safari hii, na mwisho yeye ndiye aliyetoa hukumu: chenye dawa kikae nje kiue, chake kikae ndani kinukie. Tukatundika chandarua juu ya chandarua, mimi juu ya stuli, yeye akinielekeza kwamba upande wa kushoto umepinda. Kulikuwa na joto humo la kupikia mkate, lakini asubuhi mtoto aliamka na kinundu kimoja tu, cha kwenye kisigino, na alikionyesha kwa kila aliyepita.

Nilimwachia mama maagizo. Akipata homa umpeleke kupima hapohapo. Akienda bondeni avae suruali. Asikae nje magharibi. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwani wewe ulilelewa na nani?" akaniuliza.

Jumamosi basi langu liliondoka alfajiri. Mama alikuwa ameshaswali, akarudi kujilaza kidogo pembeni ya mjukuu ili akiamka asijikute peke yake, na usingizi ukampitia. Nikasimama kando ya kitanda nikiwa na begi begani. Nikainua chandarua cha nje, nikainua na cha ndani, nikaingiza kichwa nimbusu mwanangu. Jicho lake lilikuwa limepona. Alilifungua, akaniona, akaweka mkono wake mbele ya uso wa bibi yake kama mtu anayezuia kitu.

"Mama, shusha," alininong'oneza. "Bibi atang'atwa."

Nikashusha. Nikachomeka pindo chini ya godoro pande zote, cha ndani kwanza, kisha cha nje, nikahakikisha hakuna nafasi. Busu lenyewe sikuwa nimelipata.