Mawe ya Shangazi Henriette

Henriette hakuwahi kuonja kasiksi tangu azaliwe, lakini mtaa mzima ulijua kwamba hiyo pombe ya ndizi ndiyo inayomyumbisha. Miguu ilimpeleka upande, mkono ulitetemeka, na kadiri watu walivyomkodolea macho ndivyo ulivyozidi. Daktari alisema ni sclérose, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Henriette aliwaeleza majirani mara mbili, akachoka. Kwao ulevi ulikuwa rahisi zaidi kutamka.

Angeyameza hayo, lakini Bénie, binti wa mdogo wake Cyprien, alichumbiwa. Siku ya dot, mahari inapotolewa, shangazi ndiye humpa msemaji wa bakwe, ukoo wa bwana harusi, glasi ya kwanza ya kasiksi. Akiikataa, ndoa hakuna. Na bakwe hao, watu wa Masisi waliofukuzwa na vita mpaka kambi ya Lac Vert, walikuwa wameshausikia uvumi. Msemaji wao, muzee Ferdinand, aliapa kwamba hatachukua bibi katika nyumba ya walevi.

Cyprien alimjia dada yake na mipango. "Yaya, wewe utabakia kwa jikoni. Mudogo wetu Lucie atatoa ile glasi. Na nitaleta camion ya gravier, tule tujiwe tudogo, tufunike haya mawe ya volkano, bageni batembee muzuri."

"Glasi ni yangu," Henriette alisema. "Na mawe yangu usiguse."

Siku ikafika. Bakwe waliingia uani na viatu vilivyong'arishwa, na ukoo mzima ukaanza kuyumba juu ya yale mawe. Huyu alishika koti la yule, yule akapiga magoti bila sala. Henriette, aliyejua kila jiwe la uwanja wake, aliwafuata na fimbo yake, akamdaka muzee Ferdinand kwenye kiwiko.

"Karibu, papa. Hii kasiksi mulikunywa wapi?"

"Mama, sijakunywa hata maji!"

"Na mimi vilevile."

Uani kukalipuka kicheko. Kisha ikaletwa glasi, kicheko kikakauka, macho yote yakamgeukia yeye. Henriette aliogopa kuliko siku mabomu yalipoanguka. Mkono ukaanza, kasiksi ikamwagikia viatu vya mzee.

"Ni maladi ya mishipa, papa," alisema. "Na woga. Mukiniangalia, inazidi."

Ferdinand alitazama viatu vyake, akatazama mawe yaliyomtia aibu muda si mrefu uliopita. Akawageukia watu wake.

"Ninyi bote, muangalie kule kwa volkano!"

Ukoo wa Masisi ukageuza migongo kama watoto wa shule. Mzee mwenyewe akafumba macho, akanyoosha mikono miwili. Glasi ilifika nusu, akainywa yote. Vigelegele vikapigwa kuelekea mlimani.

Jioni Cyprien aliuliza kwa unyenyekevu kama sasa anaweza kuleta gravier.

"Lete," alisema Henriette. "Lakini pale kwa mulango usiweke. Bado tuko na mabinti wawili ba kuolesha."