Zaburi Nilizozikataza Njiani

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, kiongozi wa kwaya yetu ya Ntoto, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Tulikuwa tukienda Itebero kwa miguu, kwenye mkutano wa kanisa. Tulikuwa tumejifunza zaburi za kupanda, zile fupi ambazo Wayahudi wa kale waliziimba wakipanda kwenda hekaluni Yerusalemu wakati wa sikukuu.

Nikakataza mtu yeyote kuimba njiani, ili sauti zibaki nzima kwa ajili ya jukwaa. Kwetu wasafiri wa msituni huimba, wa nyuma wajue wa mbele wako wapi. Nililijua hilo, ila niliona ni mambo ya wabeba mihogo. Tukaenda kimya, haraka haraka, mimi mbele.

Tulipofika mtoni, Papa Bauma, katekista wetu mzee, akatuhesabu. Mama Bahati, mjane mwenye miguu mibovu, hakuwepo. Nyuma yetu kulikuwa na njia panda, na mvua ilikuwa ikija.

Papa Bauma hakupaza sauti. "Ile zaburi, Bayahudi baliimba wapi? Ku estrade, ku jukwaa?"

"Hapana, Papa. Mu njia."

"Na juu ya nini iko mifupi? Njo juu ya mutoto na mama muzee baweze kuitika. Moja anaanza, bengine banajibu. Sasa rudia njia, imba mupaka Mama ajibu."

Tukarudi. Nilianza mstari, wenzangu wakaitika, kisha tukanyamaza kusikiliza. Hakuna kitu. Tukaimba tena, hakuna kitu. Pale njia panda, kutoka upande usio wetu, sauti nyembamba ikaitika, nje kabisa ya noti.

Alikuwa ameketi kwenye gogo, fimbo magotini. "Nilizania mumeniacha," akasema.

Kweli tulikuwa tumemwacha. Aibu ile ninayo hadi leo.

Itebero tuliimba kwa sauti zilizokauka, wala hakuna aliyetusifu. Mwanangu, zaburi zile hazikutungwa kwa ajili ya watu waliokwisha kufika. Ziliwashika pamoja wenye nguvu na waliochoka, wapande wote. Basi ukipewa kuongoza watu, anzisha wimbo, kisha nyamaza usikie ni nani hajaitika. Huyo mrudie.

Mungu akupe pumzi ya kupanda milima yetu. Na siku utakapobaki nyuma, asikosekane mtu huko mbele anayeimba.