Gari Likizima Hifadhini, Anayekuja Kutuokoa ni Shemeji na Pikipiki

Admin, naomba ufiche jina langu. Mdogo wa mume wangu anafuatilia ukurasa huu na husoma hadi maoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Magomeni, Kilosa. Tuna gari dogo la familia, limechakaa kidogo, linatupeleka kanisani, sokoni, na kwa mama yangu Doma, ng'ambo ya Hifadhi ya Mikumi. Ushauri ninaoomba wengine mtauona mdogo: nilipie huduma ya dharura barabarani, ile ambayo gari likizima unapiga simu wanakuja kulitengeneza au kulivuta, au niache? Kwangu si jambo dogo. Tangu tulipokwama hifadhini mwezi uliopita, injini ikibadilisha mlio tu nageuka kutazama mshale wa joto.

Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka kwa mama, alasiri. Katikati ya hifadhi mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka kwenye boneti, mume wangu akasogea pembeni, gari likazima. Mpira wa maji wa rejeta ulikuwa umepasuka. Akampigia mdogo wake, ambaye ana gereji Mikumi mjini. Nilimsikia shemeji akisema kwenye simu, "Kaka, kaeni ndani. Nakuja. Msishuke."

Mume wangu akashuka. Mnawajua madereva wetu: gari likiharibika lazima matawi yenye majani yatandazwe barabarani ili wenzako wajue. Pembetatu nyekundu tunazo, ziko kwenye buti, hazijatolewa kwenye nailoni yake. Nikamwambia, "Baba watoto, si uweke zile pembetatu?"

"Zile za kumwonyesha trafiki," akanijibu. "Lori likizikanyaga utanunua wewe?"

Alikuwa anavunja tawi la pili nilipomwona tembo. Alitokea kati ya mume wangu na gari, na mtoto wake nyuma. Mwanangu mdogo akafumbua kinywa amwite baba yake, nikamziba kwa kiganja. Mume wangu alisimama na tawi mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Tembo akatanua masikio. Sikulia wala sikuomba. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama mkwe.

Likaja lori la mizigo. Dereva akaelewa, akapunguza mwendo, akasimama karibu yetu injini ikinguruma. Tembo akageuka, akaondoka na mwanawe. Dereva akachungulia dirishani: "We mzee, hapa hatushuki! Au umempelekea chakula?"  Mume wangu aliingia garini na tawi lake, akasema, "Fungeni vioo." Vioo vilikuwa vimefungwa muda wote.

Nilidhani shemeji atakuja na gari. Alikuja na pikipiki, mpira mpya ameuvaa begani, dumu la maji limefungwa nyuma. Gereji yake haina gari. Alifanya kazi kichwa kikiwa ndani ya boneti na mgongo ukitazama pori. Nikamuuliza kama hakukutana na kitu njiani. "Nyati, shemeji," akasema huku anacheka. "Walikuwa wanavuka. Nikasubiri wamalize, barabara ni yao." Mke wake ana mtoto anayenyonya.

Baadaye nilikwenda kwa wakala wa bima hapa mjini, anayeuza huduma ile. Nikamuuliza gari la kuvuta linatoka wapi. Morogoro. Linaingia hifadhini? "Linaingia, ila usiku inategemea." Na sisi tutasubiria wapi? "Ndani ya gari, mama." Nilishukuru hakunidanganya. Watu wake watachelewa kuliko shemeji, lakini watakuja kwenye gari lenye milango.

Mume wangu hataki kusikia. "Nimlipe mgeni aje kunivuta, wakati mdogo wangu ana gereji palepale? Nitamtazamaje usoni?" Akaenda mwenyewe kumsimulia mdogo wake. Shemeji akanipigia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Kwani siku ile nilichelewa?"

"Hukuchelewa."

"Kazi yangu ilikuwa mbaya?"

"Hapana, shemeji."

"Basi bima yenu ni mimi. Hela nunulieni watoto viatu."

Alikuwa anacheka, lakini alikata simu bila kuwasalimia watoto, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Sababu yangu ya kweli sijamwambia mtu. Naogopa siku moja nyati hawatamaliza kuvuka. Kwetu ukimwambia mtu naogopa utakufa njiani, umemletea uchuro. Nikisema na isitokee, nitaitwa mchawi wa maneno. Nikisema na ikatokea, wataniuliza nilijuaje. Nikinyamaza na ikatokea, nitakuwa mimi niliyekaa ndani ya gari nikimsubiri.

Jumamosi tunakwenda kumchukua mama Doma. Anaumwa, hawezi kukaa peke yake tena, na mgonjwa yule siwezi kumpandisha basi. Hifadhi tutaipita kwenda na kurudi. Wakala anasema nikilipa Jumamosi nikiwa nimeshakwama, hawahesabu.

Nimefikiria kulipa kimya kimya. Lakini gari likizima, mume wangu atampigia mdogo wake kwanza, na akishapigiwa hakuna wa kumzuia. Jana shemeji amesema siku hiyo hatapokea gari la mtu gerejini, na pikipiki itakuwa na mafuta tangu asubuhi.

Ninyi mliowahi kusimama kati ya ndugu na bima, niambieni nitamzuiaje mtu asije kutuokoa bila kumwambia kwa nini? Nisaidieni kabla ya Jumamosi.