Saa Moja, Mshale Mmoja

Nakumbuka ukungu wa asubuhi moja Nyalukemba, mwanangu, na leo, katika ukungu huu, umenirudishia baridi yake. Umeingia nyumbani ukisema bibi yako ni mulozi, yaani mchawi, eti watoto wenzako wamekuambia. Keti. Nimekasirika, lakini utanisikia mpaka mwisho.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Ziwa halikuonekana, jua halikuonekana, hata majogoo walinyamaza. Mtoto wa jirani alikufa asubuhi hiyo, na alasiri watu wakajaa uani kwetu kumshtaki mama yangu kwa uchawi. Maman mmoja aliapa kwamba kengele ya kanisa ya saa sita mchana ilipolia, alimwona mama yangu akifua ziwani. Papa wa marehemu naye akaapa: kengele ya saa sita ilimkuta mama mlangoni pake. Nilimjua kila mmoja wao, hawakuwa waongo.

"Mutu moja, pahali pawili! Atoke mu quartier leo leo!" watu wakapiga kelele, wakitaka mama ahame mtaa.

Mama akawatazama. "Ningekuwa na hiyo nguvu, ningefua na kulima pamoja. Huu mugongo ungeniuma bure?"

Hakuna aliyecheka.

Prof wetu wa hesabu alikuwa ametufundisha fonction: kila kitu cha upande mmoja hutoa mshale mmoja tu. Chora saa upande huu, mahali upande ule, mishale katikati. Saa mbili tofauti zikielekea mahali pamoja, si neno. Hata wewe unalala kitanda kilekile kila siku. Lakini saa moja ikitoa mishale miwili, hiyo si fonction. Nikawaza: kabla ya kumfukuza mtu, nitazame saa yenyewe.

"Maman, ulijuaje iko saa sita? Jua uliliona?" nikamuuliza yule aliyesema alimwona ziwani.

"Jua gani? Nilisikia kengele."

"Ililia namna gani?"

Akaiga kwa mdomo, polepole: ngoo... ngoo... Kumbe kengele ya saa sita hulia haraka haraka. Papa wa mtoto akakaa chini kwenye matope.

"Hiyo ni ya mutoto wangu," akasema.

Kengele ya kifo, mwanangu, iliyogongwa asubuhi. Mama aliisikia ziwani, akaacha nguo, akapanda kwenye kilio. Saa sita ikamkuta mlangoni. Saa mbili tofauti, kila moja na mshale wake. Watu wakazama ukunguni mmoja mmoja, bila hata pole. Mpaka leo kengele ikilia polepole, namtafuta mama kwa macho kwanza.

Watu husema lisemwalo lipo. Mimi nakuambia: ulimi hauna mfupa. Ukisikia mambo mawili kwa saa moja, usiokote jiwe, uliza saa. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe mdomo mzito na sikio jepesi, uzeeke bila damu ya mtu mikononi. Sasa mpelekee koko, bibi yako, maji ya moto. Na ukae naye mpaka ukungu utoke.